Bustani ya mawe ndani ya masanduku ya samaki: msimu wa tatu

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Marangu, nimelelewa kihambani, na sasa naishi Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Scotland. Nyuma ya nyumba nina kiwanja kinachotosha kuegesha gari moja. Humo ndimo ninamohangaika na mimea ya milima mirefu, ile midogo inayojibana kwenye nyufa za miamba, inalala miezi kadhaa chini ya theluji, na theluji ikiyeyuka tu inachanua mbiombio kama inayofukuzwa. Saksifraga, primula, jentiana, pulsatila. Mingi haizidi urefu wa kidole.

Nilipomweleza Mama kwenye simu akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwanangu, mawe umeyakosa Uchagani mpaka ukayalime Ulaya?"

Oktoba 2022. Wenyeji wa hapa wanapenda kuipanda mimea hii kwenye mahori ya mawe, yale waliyonyweshea ng'ombe zamani. Niliuliza bei ya hori moja nikarudi nyumbani kimya. Lakini watu wa Aberdeen wana ujanja wao wa mjini bandarini: sanduku jeupe, jepesi, la kubebea samaki. Muuza samaki alinipa manne bure, tena kwa furaha. Niliyaosha mara tatu na bado paka wa jirani alikuwa anakuja kuyakagua. Nikayatoboa chini, nikayakwaruza nje kwa brashi ya waya ili lipu ishike, kisha nikayapaka saruji iliyochanganywa na mchanga na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Likikauka, ukisimama hatua tatu mbali, utaapa ni jiwe.

Hayo makumbi nililipia paundi. Tofali lililoshindiliwa, limetoka Sri Lanka. Nchini kwetu, kule pwani, ukitaka makumbi unaokota.

Nikafanya kosa la kwanza siku hiyo hiyo, na kosa lenyewe lilitokana na malezi mema. Kihambani, mgomba usiotiwa samadi ni aibu ya mwenye nyumba. Kwa hiyo sanduku la kwanza nikalijaza mboji nono na samadi, nikapanda primula tatu. Zilinenepa, majani yakawa makubwa kama ya mchicha wa bustanini. Kufika Januari zote zilikuwa uji.

Nilidhani baridi imeziua. Sivyo. Juu milimani theluji ni blanketi: chini yake joto hukaa karibu na sifuri, halishuki sana, na maji yameganda kwa hiyo mmea unalala pakavu. Aberdeen ipo ufukweni. Leo barafu, kesho mvua, keshokutwa ukungu, na katikati ya Desemba jua linakaa juu ya upeo kwa muda usiofika masaa 7. Mvua ya Marangu ni nyingi kuliko ya hapa, ila kwetu ikikatika jua linaikausha. Hapa majani yanashinda wiki mbili yameloa. Kinachoua ni unyevu wa shingoni, pale shina linapokutana na udongo.

Udongo wa sasa ni sehemu mbili za mchanga mkubwa na kokoto ndogo, sehemu moja ya mboji ya majani, basi. Juu yake natandaza kokoto tupu, kina cha sentimita 2 au 3, mpaka chini ya majani. Kuanzia Novemba hadi Machi naweka kipande cha kioo juu ya sanduku kwenye matofali manne, pembeni wazi ili upepo upite. Tangu hapo sijapoteza mmea kwa kuoza isipokuwa mmoja, na huo niliusahau nje ya kioo.

Januari 2023. Nilijiunga na Scottish Rock Garden Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1933. Wanachama huchuma mbegu kwenye bustani zao, wanazipeleka chamani, na majira ya baridi zinagawiwa. Nilipata pakiti 20. Nikaambiwa mbegu hizi zinahitaji baridi ili ziamke. Vizuri, nikaziweka friji, ndani ya pakiti zake, wiki sita, najiona fundi.

Mbegu kavu haihesabu baridi. Lazima kwanza inywe maji, ndipo baridi ivunje kile kinachoizuia kuota. Ni ulinzi wake: ingeota Septemba baada ya kudondoka, kimche cha majani mawili kingekufa Desemba. Kwa hiyo zile wiki sita zilipotea bure. Mwisho wa Februari nikazisia kwenye vyungu, nikafunika na kokoto nyembamba, nikaviacha nje vipigwe na kila kitu.

Baadhi ziliota Aprili, primula za kwanza. Jentiana kimya. Mei kimya. Julai nikachoka, nikamwaga vyungu vinne kwenye lundo la mboji, nikaviosha na kuvipanga.

Machi 2024, nikiwa nageuza lundo kwa uma, nikaona kitu cha kijani juu ya donge la mchanga lenye umbo la chungu. Vimche kama 15, kila kimoja na majani mawili yaliyotazamana, yanang'aa, makubwa kama punje ya mtama. Kibao kilikuwa kimevunjika lakini herufi zilisomeka: Gent., yaani jentiana. Mbegu zilikuwa zinasubiri baridi ya pili, au tuseme ya kwanza iliyo halali, kwa kuwa ya kwanza niliziibia mimi. Nilipiga magoti kwenye tope nikaviokoa kimoja kimoja kwa kijiko cha chai. Vilipona 9.

Pulsatila ni kinyume kabisa. Mbegu yake ina mkia wa manyoya kama unyoya wa kifaranga, na ukiisia mbichi, wiki ile ile uliyoichuma, inaota kabla hujasahau. Ukiiweka mpaka mwakani, nyingi zinakuwa zimekufa. Naomba mtu asinielezee tena kwamba mbegu ni mbegu.

Juni 2024. Vipandikizi vya saksifraga, kazi ninayoipenda kuliko zote. Mmea mzima ni kama mto mgumu wa kulalia, uliojengwa na mamia ya vishada vya majani, kila kimoja kama punje ya njegere. Baada ya maua kwisha nakata kimoja chenye kishina cha nusu sentimita, nakishika kwa kibanio cha nyusi (nimemnunulia mke wangu kingine), nang'oa majani ya chini yaliyokauka mpaka kishina kibaki cheupe. Saksifraga za aina ya paniculata zina vidoa vyeupe ukingoni mwa majani: ni chokaa. Mmea hutoa maji kwenye vitundu vidogo, maji yanakauka, chokaa inabaki. Kwenye lenzi inaonekana kama mtu ameshona shanga kuzunguka jani.

Nakichomeka kwenye mchanga mkali uliolowa, natia kifuniko cha plastiki, naweka upande wa kaskazini wa nyumba. Hapo jua la mchana halifiki. Nilichomeka 40. Agosti nilivuta kimoja taratibu, kikagoma. Kikigoma kimeshika. Jumla vilishika 31.

Septemba pigo. Primula auricula moja, yenye unga mweupe majanini kama uso wa mtu aliyetoka kusaga, ilinyong'onyea ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Niliigusa ikatoka mkononi nzima, haina mzizi hata mmoja. Chungu kilikuwa kimejaa funza weupe wenye vichwa vya kahawia, wamejikunja. Ni watoto wa fukusi. Dawa niliyotumia ni minyoo midogo mno isiyoonekana kwa macho. Unainunua hai, unaichanganya na maji na kumwagilia, nayo inaingia ndani ya funza. Ni lazima udongo usiwe wa baridi sana, kwa hiyo niliwahi kabla ya Oktoba. Kisiki cha primula nilikikata kwa wembe mpaka penye nyama safi, nikakichomeka mchangani. Kimetoa mizizi mipya.

Machi hadi Mei 2025. Saxifraga oppositifolia ilifungua tarehe 9 Machi, zambarau, wakati pembeni bado kuna barafu. Hii ni ya humu humu Scotland. Inaota kwenye miamba ya Ben Lawers, mlima wa mita 1,214. Nilipousikia urefu huo nilicheka, maana kibanda cha wapanda mlima cha Horombo pale kwetu Kilimanjaro kiko mita 3,720 na kilele bado kiko mbali. Nilifika Horombo nikiwa shuleni na nakumbuka zile Dendrosenecio, mimea mirefu kama miti, zilizosimama kwenye ukungu kama watu, zimevaa majani yao makavu kiunoni hadi miguuni kama koti. Sasa ndiyo naelewa lile koti. Juu kule baridi ya kuganda inakuja usiku wowote wa mwaka na jua linarudi asubuhi, kwa hiyo hakuna msimu wa kuusubiri. Mimea ya hapa imejifunza kungoja. Ile ya kwetu inajifunika na kuendelea na kazi.

Jentiana za lundoni: saba zimefika msimu huu. Mbili zimechanua wiki iliyopita, buluu ambayo simu yangu haiiwezi, kila nikipiga picha inatoka zambarau. Zinafungua jua likiwaka na kujikunja wingu likipita, na Aberdeen mawingu hayana likizo, kwa hiyo Jumamosi nilikaa kwenye ndoo na chai yangu dakika arobaini. Zilifungua dakika tano hivi. Nilimpigia Mama video haraka haraka. Akatazama. "Na mbuzi anakula?"

Kazi za Juni: vipandikizi vya saksifraga tena, safari hii 60. Kugawa primula. Kutengeneza sanduku la tano, muuza samaki ameshaniwekea.

Vyungu 9 vya mbegu za mwaka jana bado kimya. Nimeandika mwaka kwenye kila kibao kwa penseli, maana wino unafutika, na nimevirudisha kivulini.