Udongo uliojaa maji, kipimo kinasema mkavu

Siku hizi mawazo yangu yako Sodankylä, Finland, juu ya Mzingo wa Aktiki. Wanasayansi wa huko wamesimamisha rediomita, chombo cha kupima mnururisho, juu ya mnara, inayopima udongo wa msituni kwa masafa ya mawimbi yale yale ya SMOS, setilaiti ya Ulaya ya kupima unyevu wa udongo iliyorushwa Novemba 2009.

Udongo wowote hutoa mnururisho hafifu wa maikrowevu. Kwenye wimbi la sentimita 21, maji huubadilisha sana, kwa kuwa chembe zake huitikia umeme wa wimbi kwa nguvu: kipimo cha mwitikio huo ni kama 80 kwa maji, na 3 hadi 5 tu kwa udongo mkavu. Ardhi ikilowa, setilaiti huiona kana kwamba imepoa.

Lakini kanuni za kugeuza mnururisho kuwa unyevu zilitokana zaidi na mchanga na mfinyanzi. Kule kaskazini tabaka la juu ni mboji, yaani mabaki ya mimea ambayo baridi na maji vimeyazuia yasioze, yenye matundu tele kama sifongo. Sehemu ya maji hung'ang'ania mabaki hayo, na maji yaliyobanwa hivyo hayageuki kwa wepesi kufuata wimbi. Hivyo kwa kiasi kile kile cha maji mboji huitikia kidogo, na kanuni ya mfinyanzi huisoma kavu kuliko ilivyo. Maziwa nayo, yakiingia ndani ya zile kilomita 40 hivi ambazo chombo hutazama kwa mkupuo, huvuta hesabu upande wa pili.

Jambo hili linanigusa kweli. Ardhi ya kaskazini iliyoganda mwaka mzima imehifadhi kaboni karibu mara mbili ya ile iliyo hewani. Kinamasi kikijaa maji hutoa methani; kikikauka, mboji huoza na kutoa kaboni dioksidi, au huungua. Tukikosea unyevu, tunakosea yote hayo. Ndiyo maana nawaheshimu sana wanaochimba vipande vya mboji na kuvipima maabara, kimoja baada ya kingine, ili mboji ipate kanuni yake.

Kuna jambo moja linanifurahisha: maji yakiganda, ile 80 hushuka hadi 3 hivi. Kwa hiyo SMOS, na SMAP, setilaiti ya Marekani iliyorushwa Januari 2015, huonyesha vizuri lini ardhi imeganda na lini imeyeyuka, hata chini ya mawingu na giza la Desemba.