Magazini ya risasi 25 kwenye Savage 64: kumbukumbu ya mradi wangu

Februari

Lengo ni dogo: niweze kupiga safu mbili za sahani za chuma bila kubadilisha magazini, yaani kikasha cha risasi, katikati. Nina bunduki mbili za .22 LR, aina ya risasi ndogo: Ruger 10/22 na Savage 64. Zote ni nusu otomatiki, na zote zilitoka dukani na magazini ya risasi 10. Mwezi huu sijagusa tupa wala bisibisi. Nimesoma sheria, maana hapa Kanada ndiyo inayoamua ni ipi kati ya hizo mbili nitaifanyia kazi.

Wengi tunaijua nusu yake tu: risasi 5 kwa bunduki ndefu ya nusu otomatiki, 10 kwa bastola. Lakini kanuni zile zile zinaiondoa kwenye kikomo cha 5 magazini iliyobuniwa kwa bunduki ya risasi za ukingo, yaani zile ambazo kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, hazina fataki katikati. .22 LR ni ya ukoo huo. Bunduki ya bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu) ya kuvuta kwa mkono haimo kabisa kwenye hesabu hii, kwa kuwa kikomo kinazihusu nusu otomatiki na otomatiki.

Ukisoma haraka utasema basi, .22 iko huru, nenda kanunue. Hapo ndipo watu hunaswa. Msamaha unagusa kikomo cha 5 peke yake. Kile cha 10 cha bastola haukigusi. Na sheria haiulizi magazini umeichomeka wapi. Inauliza ilibuniwa kwa ajili ya silaha gani. Ruger wana bastola iitwayo Charger, iliyotoka 2007, nayo inakula magazini ile ile ya 10/22. Kwa hiyo mwaka 2016 polisi wa shirikisho, RCMP, walitoa msimamo kwamba magazini ya 10/22 inayozidi risasi 10 ni kifaa kilichopigwa marufuku, ikiwemo BX-25 ya Ruger wenyewe. Watu walikuwa wamezinunua madukani mchana kweupe.

Kuna upande wa pili unaonichekesha. Kwa sababu hesabu inafuata magazini, karabaini (bunduki fupi) ya Beretta Cx4 Storm, ambayo si ya .22, kwa miaka mingi ilipigwa na magazini ya bastola ya risasi 10, huku jirani yake kwenye mstari akiishia 5. Amri ya serikali ya Mei 2020 ya kupiga marufuku silaha ikaifuta Cx4 yenyewe.

Basi 10/22 inabaki na 10 zake. Savage 64 haina ndugu bastola. Kazi inakwenda kwake.

Machi

Nimefurahi kwamba kura imeiangukia hii. Asili yake ni Cooey 64 ya Cobourg, hapa hapa Ontario. Baadaye ikaendelea kutengenezwa Lakefield, juu ya Peterborough, hata baada ya Savage kukinunua kiwanda hicho mwaka 1995. Si bunduki ya kujisifia. Kifyatulio chake kizito na kitako ni plastiki, ila mtutu unalenga kuliko bei yake.

Kabla ya kulipa nilipitia jedwali la RCMP la silaha, lile FRT linalofunguliwa na yeyote mtandaoni. Baada ya amri za Mei 2020, Desemba 2024 na Machi 2025, sinunui kitu kwa kukumbuka kilivyokuwa mwaka juzi. Savage 64 bado imo kwenye kundi lisilo na vizuizi, na leseni ya kawaida ya kumiliki silaha, PAL, inatosha. Nikaagiza magazini ya risasi 25 ya kampuni nyingine, ya plastiki, iliyochorwa kwa bunduki hii na si nyingine.

Kaka mmoja klabuni aliponisikia alinicheka. Ana magazini ya 10/22 iliyofungwa kwa ribiti isizidi 10. "Bwana wee, unahangaika nini? Hii ribiti si dakika tano tu na drili?"

Nikamwambia, kaka, hiyo drili iache kabatini. Ribiti ndiyo inayoifanya magazini yako iwe halali. Tangu sheria ya silaha ya C-21 ilipopita tarehe 15 Desemba 2023, kitendo cha kuibadilisha magazini ili izidi kikomo kimekuwa kosa linalojitegemea, mbali na lile la kumiliki kifaa kilichopigwa marufuku, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Alinyamaza, kisha akaniuliza Savage 64 inauzwaje siku hizi.

Aprili

Imefika, na haikufunga. Iliingia mpaka mwisho, lakini kishikio cha bunduki, kile kinachoizuia magazini isidondoke, kiligonga plastiki juu kidogo ya tundu lake. Dawa ni kuondoa ukingo wa juu wa tundu kwa tupa bapa ndogo, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Haraka haifai hapa: ukila plastiki kupita kiasi magazini itaning'inia chini, na bolti itapita juu ya ukingo wa ganda bila kulisukuma. Nilipoanza kusikia mlio wa kishikio nikaacha, nikamalizia na msasa laini.

Majaribio yote ya nyumbani ni kwa risasi bandia za plastiki. Za kweli zimefungiwa kwenye sanduku lake, chumba kingine.

Sasa, ule ukingo unaoipa .22 msamaha wa kisheria ndio huo huo unaoisumbua magazini ndefu. Umetokeza nje ya ganda, kwa hiyo risasi zikipangwa hazilali sambamba. Kila moja inainamisha pua kidogo, ndiyo maana magazini ndefu za .22 huwa zimepinda. Unapojaza, ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma, zinashikana na hakuna kitakachopanda. Kwenye magazini ya 10 unaona mpangilio wote kwa jicho. Kwenye 25 kosa la risasi ya sita unaligundua uwanjani.

Mei

Uwanjani. Risasi moja ya .22 LR ina uzito wa kama gramu 3.3, hivyo 25 ni zaidi ya gramu 80 ambazo springi lazima iziinue kabla bolti haijarudi. Ndiyo maana mtengenezaji huweka springi kali. Lakini Savage 64 inaendeshwa na msukumo wa ganda tu, haina pistoni wala bomba la gesi, na magazini iliyojaa pomoni inaikandamiza bolti kwa chini kiasi kwamba haifiki nyuma vizuri. Ganda la kwanza linabanwa kwenye mlango wa kutokea maganda. Nikijaza 22 tatizo linatoweka. Risasi za kasi ndogo hazifai. CCI Mini-Mag za greni 40 zinaisukuma bolti kama inavyotakiwa.

Midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi, ilikuwa na mabaki ya kalibu ya kiwandani, ncha ndogo za plastiki zilizokwangua risasi na kukusanya nta. Msasa uliziondoa. Sikuipinda midomo yenyewe, na simshauri mtu aipinde.

Juni

Inafanya kazi kwa 22. Safu mbili za sahani zinaisha bila kusimama, na hilo ndilo nililotaka. Ila mezani haifai hata kidogo: ni ndefu, inagonga meza, na ukiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga inabidi uinuke kama unachungulia dirishani. Kwa kulenga karatasi nimerudi kwenye ile fupi ya kiwandani, na nimeagiza nyingine mbili kama hiyo.

Kilichobaki ni springi. Nataka kujaribu iliyo laini kidogo, nione kama 25 zitaingia bila kuikandamiza bolti, na kama zile mbili tatu za mwisho bado zitapanda kwa wakati.