Nimejifungia nje mwenyewe

Leo saa nne asubuhi niko nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi, kompyuta mapajani, napanga kwa mbali swichi ya mteja (kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao) iliyoko Ruashi, kupitia programu. Kazi ndogo tu: kuhamisha poti moja (tundu la kebo) kutoka VLAN 1 kwenda VLAN 20, yaani kutoka kundi moja la mtandao ndani ya swichi kwenda lingine.

Nikabonyeza.

Kimya.

Kumbe poti ile ndiyo iliyokuwa inanipitisha mimi! Nimekata tawi nililokalia.

Na ile amri ya kuiambia swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10, irudie mipangilio iliyohifadhiwa? Sikuiweka. Kiburi.

Basi manseba (pikipiki ya abiria) hadi Ruashi, vumbi, na mfukoni kebo ya konsoli, ile ya kuchomeka kwenye swichi yenyewe. Mlinzi kunifungulia geti: "Papa, si ulisema unatengeneza ukiwa nyumbani?"

Jibu sijalipata mpaka sasa 😅

Nani mwingine yamemkuta?