Tundu kwenye Madigadi

Mwaka 2018, miezi michache baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji, nilinunua Toyota Hilux Vigo ya milango minne, iliyotumika, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5. Niliinunua kwa ajili ya biashara ya zabibu. Nilikuwa nikinunua mzigo kwa wakulima wa Hombolo, nikiupanga kwenye kreti na kuuleta mjini kwa wanaosindika mvinyo, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kwamba zabibu iliyoiva haina subira. Mavuno ya kiangazi huangukia Agosti na Septemba, wakati ambapo mvua imekwisha kusahaulika, upepo unavuma karibu kutwa nzima, na vumbi la njia za mashambani ni laini kama unga wa uwele. Ukifuata gari jingine katika njia hizo, unapumua vumbi, na injini nayo inapumua vumbi hilohilo.

Ndiyo sababu niliamua kufunga snokeli. Watu wengi hudhani kwamba bomba lile linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele limewekwa kwa ajili ya kuvuka mito tu, na majirani zangu hawakuwa tofauti. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Ipagala, mstaafu mwenye ulimi mwepesi, alipoiona snokeli ikiwa bado kwenye boksi alinisimamisha getini akaniuliza, "Mama, hiyo ya nini? Unataka kuvuka Mtera kwa chini?" Nilicheka, kwa sababu Dodoma kweli si mahali pa mafuriko kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini gari jinsi linavyotoka kiwandani huvuta hewa kutoka ndani ya madigadi, karibu na gurudumu, mahali ambapo vumbi limejaa kuliko pengine popote. Snokeli huupandisha mdomo huo hadi usawa wa paa, ambako vumbi ni pungufu. Haiondoi kazi ya chujio la hewa, bali huipunguza, na kwa mtu anayekwenda shamba kila baada ya siku mbili wakati wa mavuno, nafuu hiyo si ndogo.

Tatizo ni kwamba snokeli haifungwi bila kutoboa gari. Mume wangu, ambaye kwa kawaida haingilii mambo ya gari langu, safari hii alisema waziwazi kwamba haelewi. "Gari halijawahi kugongwa popote, halafu wewe mwenyewe unalitoboa kwa hiari yako?" Sikuwa na jibu zuri. Fundi mmoja mjini aliniongezea wasiwasi aliponieleza kwamba angepasua tundu kwa patasi na kulimalizia kwa grinda, bila kupima, kwa kuwa amekwisha kufanya nyingi na jicho lake limezoea. Nilimshukuru, nikaondoka, nikampigia simu Baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa fundi katika karakana ya serikali maisha yake yote ya kazi, na baada ya kustaafu aliendelea kutengeneza magari ya ndugu na marafiki nyumbani kwake Nkuhungu, chini ya mwarobaini, kwa mwendo wake mwenyewe. Kiingereza alikisoma kwa shida, na maelekezo ya kwenye maboksi aliyatazama kwa heshima ndogo sana. Alikubali kuja siku ya Sabasaba, ambayo mwaka huo iliangukia Jumamosi, akasema atakuja na mwanawe anayesoma ufundi wa magari VETA, na kwamba nisimruhusu mtu yeyote kugusa gari kabla hajafika.

Walifika asubuhi na mapema. "Shikamoo, Baba mdogo," nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," huku macho yake yakiwa tayari kwenye gari. Kazi ya kwanza haikuwa ya kutoboa bali ya kufungua. Walivua plastiki ya ndani ya madigadi, wakachomoa taa ndogo ya indiketa ya ubavuni, wakatoa bomba la plastiki ambalo kiwanda kilikuwa kimeliweka kuvutia hewa, kisha Baba mdogo akaziba mdomo wa sanduku la chujio kwa kitambaa safi na kukifunga kwa kamba. Alimwambia mwanawe kwamba chembe moja ya chuma ikiingia humo leo, kesho tutailipia kwa injini.

Ndani ya boksi la snokeli mlikuwa na karatasi kubwa ya kiolezo, iliyochapishwa kwa Kithai na Kiingereza, inayobandikwa juu ya madigadi ili kuonyesha mahali pa tundu kubwa na pa matundu madogo sita ya bolti. Binamu yangu aliibandika kwa uangalifu kufuata kingo za mlango na boneti, akachukua drili. Baba mdogo akamzuia. Akaagiza snokeli yenyewe ishikwe pembeni mwa gari kama itakavyokaa, mimi nikiishikilia sehemu ya juu kwenye nguzo ya kioo na binamu akiishikilia ya chini, naye akapiga magoti na kuchora kwa penseli kila mahali ambapo bolti zingegusa. Alama za penseli na za karatasi zilikubaliana upande wa mbele, ila upande wa nyuma zilipishana kwa milimita kadhaa. Huenda karatasi ilivutika kwa kukunjwa, au ilichapwa kwa ajili ya toleo jingine la umbo lile, sikuwahi kujua. Baba mdogo aliing'oa, akaikunja, akaniwekea kwenye kiti cha abiria. "Karatasi haijawahi kuliona gari hili," alisema.

Akaanza upya kwa kufunika madigadi yote kwa tepu ya karatasi ili rangi isikwaruzwe, akahamishia vipimo vyake juu ya tepu, akavikagua mara nyingine kwa kuirudisha snokeli mahali pake, kisha akagonga kila alama kwa senta panchi ili ncha ya drili isiteleze. Matundu yote aliyaanza kwa ncha nyembamba na kuyapanua kidogo kidogo. Tundu kubwa lilikatwa kwa msumeno wa duara uliofungwa kwenye drili, kwa mwendo wa polepole, huku binamu yangu akidondoshea mafuta tone moja moja. Kelele ya chuma chembamba kikikatwa haipendezi hata kidogo. Mume wangu alivumilia dakika chache, akaingia ndani, akawasha televisheni na kuongeza sauti. Kile kisahani cha chuma kilipoanguka, na mimi nikaona mkono wangu unaweza kupita ndani ya ubavu wa gari nililokuwa ndiyo kwanza nimelimaliza kulilipia, nilielewa kidogo alichokuwa amekisema.

Baadaye nimeona magari mengi yaliyotobolewa ambayo kingo za tundu zimeachwa hivyohivyo, na kutu imetambaa chini ya rangi hadi mlangoni. Baba mdogo alizisugua kingo zote kwa tupa mpaka kidole kikawa kinapita bila kukwama, akakusanya chembe za chuma kwa sumaku, akazipaka kingo rangi nyekundu ya kuzuia kutu tabaka mbili, na kukataa katakata kuendelea kabla haijakauka. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, tukanywa chai, na drili ikapumzika. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Kuifunga snokeli kulichukua muda mfupi kuliko kuiandalia mahali. Bolti ziliingia zote sita bila kulazimishwa, nguzo ya kioo ikapata kishikizo chake, na bomba la mpira likaunganishwa na sanduku la chujio kwa klipu na silikoni. Hapo ndipo lilipokuja jaribio ambalo sikuwa nimelisikia. Baba mdogo alitaka injini iwashwe na kuachwa sailensa bila kukanyagiwa mafuta, akakivua kichwa cha snokeli, akapanda kwenye kigoda akiwa na kipande cha mpira kilichokatwa kutoka kwenye kapeti ya gari, akakiweka juu ya mdomo wa bomba. Kama viungo vyote vimeziba, alieleza, injini itakosa hewa na kuzimika. Ikiendelea kunguruma, basi kuna mahali inaiba hewa, na hewa hiyo ya wizi inatoka kulekule kwenye vumbi tunakokukimbia. Injini iliendelea kunguruma.

Tulinyamaza tukisikiliza. Binamu yangu ndiye aliyesikia mluzi mwembamba chini, pale bomba la mpira linapokutana na sanduku, ambapo klipu ilikuwa imekaa upande. Ilinyooshwa, ikakazwa, silikoni ikaongezwa, tukasubiri tena. Mara ya pili mpira ulipowekwa, ulinyonywa ukang'ang'ania mdomo wa bomba, injini ikakohoa na kuzimika. "Sasa inapumua kwa pua moja," Baba mdogo alisema, akashuka kwenye kigoda. Mzee jirani, ambaye alikuwa amekuja kutazama muda mrefu bila kukiri kwamba anatazama, aliomba jaribio lirudiwe.

Jumapili ilikuwa zamu ya taa. Nilikuwa nimenunua taa mbili za ziada za halojeni, za wati 55 kila moja, zifungwe kwenye ngao ya mbele, kwa sababu mara nyingi nilikuwa nikirudi na mzigo usiku, wakati mbuzi na baiskeli zisizo na taa zikiwa bado barabarani. Kuzifunga taa zenyewe hakukuwa na hadithi. Hadithi ilikuwa kwenye umeme. Taa mbili za wati 55 kwenye umeme wa volti 12 zinakula ampea 9 na ushei, mzigo ambao hautakiwi kupitishwa kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Hupitishwa kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, yenye mguu namba 30 unaopokea umeme wa betri kupitia fyuzi, namba 87 unaoupeleka kwenye taa, na namba 85 na 86 za kuiamrisha ifunge au ifungue. Nilitaka taa hizo ziwake pamoja na fulu, yaani mwanga mrefu, peke yake na kuzimika zenyewe ninapoweka dimu, mwanga mfupi, ili nisimpofushe anayekuja mbele hata nikisahau. Mchoro uliokuja na taa ulionyesha mguu 86 ukiungwa kwenye waya wa fulu na mguu 85 kwenye bodi ya gari, yaani chuma chake kilichoungwa na hasi ya betri. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba mchoro huo ni wa magari yote.

Baba mdogo hakuubishia mchoro. Alichomoa soketi ya taa kubwa, akabana klipu ya taa yake ya kupimia kwenye hasi ya betri, akamwambia mwanawe aweke fulu, akagusa waya wa fulu. Taa ya kupimia haikuwaka. Akagusa wa dimu, haikuwaka. Akagusa ule wa tatu, ambao kwa mujibu wa mchoro ulipaswa kuwa hasi, ikawaka vizuri kabisa. Binamu yangu alisema fyuzi imeungua. Baba mdogo alihamishia klipu kwenye chanya ya betri na kugusa tena waya wa fulu, na safari hii taa ikawaka. Swichi iliporudishwa dimu, ikazimika.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, nami niliyaelewa baada ya kuchorewa chini kwa kijiti. Katika gari hili, chanya hufika kwenye taa moja kwa moja kila taa zinapowashwa, na kinachobadilishwa na mkono wa swichi ni njia ya hasi. Kama tungefuata mchoro wa kwenye boksi, waya wa fulu ungepata chanya kupitia ndani ya globu kila tunapokuwa dimu na kupoteza chanya hiyo tunapoweka fulu, kwa hiyo taa zangu za ziada zingewaka usoni mwa watu ninapopishana nao na kuzimika ninapokuwa peke yangu porini. Suluhisho halikuhitaji kifaa kipya. Mguu mmoja wa amri uliungwa kwenye chanya ya taa kubwa kupitia swichi ya dashibodi, na wa pili, badala ya kwenda kwenye bodi, ukaungwa kwenye waya wa fulu. Fyuzi ya ampea 15 iliwekwa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote mbele yake fyuzi ikatike kabla ya moto, na nyaya zote zikavishwa bomba la plastiki na kufungwa mbali na ekzosi.

Vikanyagio vya pembeni na mpira wa sakafu ya bodi tulivifunga alasiri ileile, kazi ya spana tu, na giza lilipoingia tukazilenga taa kwenye ukuta wa ua mpaka Baba mdogo aliporidhika na urefu wa mwanga. Alikataa fedha, akakubali kreti moja ya zabibu itakapofika Septemba, akachagua kabisa kwamba ziwe nyekundu.

Kabla ya kufunga boneti aliomba kalamu ya wino mzito. Upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la fyuzi aliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, rilei ipi ni ya taa za mbele, fyuzi yake ni ya ampea ngapi, na chini yake akaongeza kwamba fulu ya gari hili inaamrishwa kwa hasi. Nilimuuliza kwa nini anahangaika ilhali yupo na simu yake ninayo. Akasema fundi atakayefuata hana namba yake. Fundi huyo alikuja kweli miaka kadhaa baadaye, kijana wa mjini aliyeitwa kubadilisha rilei iliyokufa. Alifungua kifuniko, akasoma, akabadilisha, akafunga, na hakuniuliza swali hata moja.