Eti logibuku yangu nyembamba

Nimetoka kwenye interviu ya kuomba nafasi ya kusomea upasuaji, mara ya pili hii, na hata viatu sijavua, nimeona niandike kwanza maana nikilala nayo itanikaba.

Walikuwa watano, wanaume wanne na mama mmoja ambaye hakufungua mdomo kabisa. Umeolewa? Ndio. Watoto? Mmoja. Sasa zamu za usiku nani atamnyonyesha? Mwanangu ana miaka 4 jamani, anakula ugali na dagaa. Nikacheka, ndo ugonjwa wetu huo, tunacheka. Kaka aliyeingia kabla yangu ana mapacha wa miezi 6, nikamuuliza pale kwenye korido, akasema yeye kaulizwa kafanya henia ngapi na ni Simba au Yanga.

Ila la mtoto nililitegemea. Hata ukipitia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, mafunzo ni miaka 5, mimba ya miezi 9 humo ndani ni kitu gani cha kumtisha mtu mzima? Kilichoniuma ni mzee mmoja, mpole kweli, akafunua logibuku yangu, lile daftari la operesheni nilizofanya, taratibu akasema "binti yangu, uko vizuri, ila kesi zako chache".

Na ni chache kweli! Lakini zimekuwaje chache? Mwaka mzima list ya operesheni ikipangwa mimi nashika ritrakta, kile chuma cha kuvuta kidonda kikae wazi, mwenzangu wa kiume anapewa kisu. Glavu za saizi yangu, 6 na nusu, hazipo, zipo 7 na nusu, ncha za vidole zinaning'inia kama soksi ya kuazima, nikichelewa kufunga fundo moja bosi ananyoosha mkono kuchukua sindano, "mpe mwenzio tuwahi". Basi mwenzangu anafunga, kesi inaingia kwenye logibuku yake, mimi naandikwa msaidizi. Halafu wodini mzee wa watu tuliyempasua ananiita nesi, lakini hilo nishazoea.

Mnakumbuka ile kashfa ya Japani 2018? Tokyo Medical University walikuwa wanapunguza alama za mabinti kwenye mtihani wa kuingia chuoni, zaidi ya miaka 10, kisa eti wakizaa wataacha kazi. Wale walau walikamatika, kulikuwa na alama za kabla na alama za baada. Zangu zimepunguzwa thieta, chumba cha upasuaji, mgonjwa kalala, taa zinawaka, na hakuna karatasi ya kukagua, ikifika siku ya interviu namba ni safi kabisa na yule mzee mpole anaisoma bila dhambi yoyote, tena ananihurumia.

Na wasiniambie habari za usalama wa mgonjwa. Kuna utafiti wa Ontario, Canada, ulitoka 2017, wagonjwa zaidi ya laki moja, waliopasuliwa na wanawake ndo waliokufa wachache kidogo ndani ya siku 30. Tofauti ni ndogo, sikatai, ila haiko upande wao.

Majibu wiki mbili. Jumatatu narudi zamu, nimeshanunua boksi langu la 6 na nusu, pea 50, hela yangu mwenyewe, na nimemuomba sista wa thieta anifichie kabatini kwake, maana zikionekana tu zitaishia kwenye kuweka katheta, ile mipira ya mkojo.