Kibodi ilinichukua siku tatu: nilivyoandika kerneli kwa asembli

Nilitaka kujua kompyuta inakuwaje kabla Windows au Linux haijaingia kazini, nikaamua kuandika kerneli yangu, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa asembli, lugha ya kumpa prosesa maagizo moja kwa moja. Nikasakinisha NASM ya kugeuza asembli kuwa baiti, na QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, niendeshee majaribio bila kugusa diski yangu.

Mwanzo haukunisumbua. BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, ikaziweka kwenye anwani 0x7C00. Mbili za mwisho zisipokuwa 0x55 na 0xAA, inaipita. Usiku wa kwanza nilipata herufi K kwenye skrini nyeusi, nikakaa naiangalia.

Sekta hiyo niliipa kazi ya kupakia kerneli yenyewe na kuihamisha prosesa kutoka biti 16 kwenda 32: unaandaa GDT, jedwali linaloeleza sehemu za kumbukumbu, unawasha biti 0 ya CR0, rejista ya ndani ya prosesa, kisha unaruka kwenye msimbo wa biti 32. Ukishavuka, huduma za BIOS huna tena. Herufi unaziandika mwenyewe kuanzia 0xB8000, baiti moja ya herufi, ya pili ya rangi.

Kibodi ndiyo iliyonitesa. Kila nilipofikia amri ya sti, inayoruhusu vifaa kumkatiza prosesa, mashine ilijiwasha upya, tena na tena. Siku tatu nilipekua msimbo wa kibodi mstari kwa mstari, kumbe kosa halikuwa huko. Nilipoiendesha QEMU kwa -d int (iorodheshe kila katizo) na -no-reboot (isijiwashe upya), ikaonyesha kuwa balaa lilianzia kwenye katizo namba 8, maana kila katizo lina namba yake, na mimi sikuwa nimebonyeza kitu chochote.

Ilikuwa saa ya ndani ya kompyuta, inayomkatiza prosesa kila mara! Intel imejitengea namba 0 hadi 31 kwa makosa ya prosesa, ila BIOS huipanga PIC, chipu inayompelekea prosesa makatizo ya vifaa, ianze na 8, na saa ndiyo ya kwanza kwenye foleni. Kwenye IDT yangu, jedwali linalomwambia prosesa aende wapi kwa kila katizo, nafasi ya 8 ilikuwa tupu, basi kosa likazaa kosa mpaka prosesa akakata tamaa.

Niliielekeza PIC ianzie 32, kibodi ikawa 33. Herufi moja ikatokea, kisha kimya: nilisahau kutuma 0x20 kwenye poti 0x20 kuiambia chipu nimemaliza. Nilipoongeza mstari huo, nikaandika "habari" yote.

Sasa nikibonyeza A kibodi inatuma namba 0x1E, nikiiachia 0x9E. Herufi kubwa bado, ndiyo kwanza naanza kushughulikia Shift.