Mazungumzo ya 14: daftari la madeni limefungua kilichonishinda miezi mitano

Baada ya mazungumzo 13 na wafanyabiashara wa Kariakoo ambayo ningeweza kuyaandika bila hata kutoka nyumbani, hatimaye wiki hii nimepata moja lenye nyama.

Kupata walio tayari kuzungumza hakujawahi kunisumbua; kilichonishinda ni jibu la swali "Ulianzaje?" Kila niliyemuuliza, awe muuza vitenge au mwenye duka la vipuri, alinisimulia kwamba alianza na mtaji mdogo, akavumilia, akamtanguliza Mungu, na leo yupo hapo alipo. Sisemi walidanganya, ila simulizi hiyo imezungushwa kwenye semina na redioni hadi imelainika kama sarafu ya zamani isiyosomeka mwaka. Nilibadilisha mpangilio wa maswali, bila mafanikio. Nilikwenda jioni, wakati wa kufunga hesabu, nikakuta watu wamechoka. Nilipozima kinasa sauti ili wawe huru, ndipo waliponishuku zaidi, kwa kuwa swali la mtaji humfikia mfanyabiashara likiwa na harufu ya makadirio ya kodi.

Jumanne nilikuwa kwenye fremu ya mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Aggrey, nikisubiri amalizane na mteja wa mkoani aliyetaka mali kauli, yaani achukue mzigo sasa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Akamnyima. Muda mfupi baadaye akaingia mwingine, ambaye deni lake la nyuma lilikuwa halijaisha, akampa doti 60. Nikaikunja karatasi yangu ya maswali.

"Mama, mwenye deni umempa, asiye na deni umemnyima. Imekuwaje?"

Akavuta daftari kutoka kwenye droo. "Kaa hapa, mwanangu," alisema, na hakunyamaza kwa dakika 50.

Kwake yeye, anayechelewa kulipa lakini akapiga simu kabla ya siku yenyewe kufika ni mtu wa kuongezewa mzigo. Wa kuogopwa ni yule anayelipa safari mbili za mwanzo upesi kuliko vitenge vinavyoweza kuzunguka, kwa sababu fedha hizo hazikutoka kwenye vitenge, na safari ya tatu atataka mzigo mkubwa. Aliyenyimwa alikuwa kwenye safari ya tatu. Tarehe za mama za kudai, nilizodhani zinafuata mwisho wa mwezi, kumbe zinafuata siku ambazo yeye mwenyewe anatakiwa kumpelekea kijumbe, yule anayekusanya michango, fedha za upatu. Zamani, kabla M-Pesa haijaanza nchini mwaka 2008, mdaiwa wa Tabora aliweza kusema fedha amempa kondakta wa basi, na wiki ikapita. Kisingizio hicho kimekufa, na mrithi wake ni "mtandao unasumbua". Tena, soko kuu lilipoungua Julai 2021, ndugu yake alipoteza mzigo pamoja na daftari. Baadhi ya wadaiwa walikuja wenyewe kulipa. Wasiokuja mama anawajua mmoja mmoja, na aliniapia kwamba hawatapata hata doti moja ya kauli mtaa mzima.

Kuhusu vifaa, kipaza sauti kidogo cha kubandika kwenye kola kimenifaa kuliko kinasa sauti cha bei mbaya nilichojivunia mwanzoni, ambacho kilinasa mikokoteni na honi za bodaboda kwa uaminifu mkubwa. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliandika "mali kali" kila aliposema mali kauli, hivyo nimerudi kwenye kalamu, na sijutii.

Nilikuwa nimepanga kukamilisha jedwali la mitaji ya kuanzia ya watu 30. Nimeliacha, kwa kuwa lina tarakimu ambazo hata mimi siziamini. Badala yake nataka kuzifuata zile doti 60, nijue nani anamdai nani hadi kwa mvaaji wa mwisho. Mama ameniruhusu kunakili kurasa mbili, majina nikiyaficha kwa herufi, na mteja wake amekubali nipande naye basi la Ifakara siku ya Ijumaa.

Limebaki jambo moja ambalo sijapata pa kuliweka. Yule aliyenyimwa nilimwona akiingia fremu ya tatu kutoka pale, na alitoka na mzigo.